Kisukari, panya na viatu: historia fupi kutoka Dar hadi Mbeya

Ukipita kliniki ya kisukari Mbeya au Iringa leo, ni vigumu kuamini kwamba kuna wakati ugonjwa huu ulihesabiwa kuwa adimu vijijini. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walichapisha kwenye jarida la Lancet vipimo vya vijiji sita vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara: wenye kisukari hawakufika hata mtu 1 kwa kila 100. Angalia hiyo mikoa vizuri. Nyanda za Juu Kusini hatumo.

Mwaka 1992 timu hiyo ikapiga hesabu ya gharama za matibabu Dar na kuuliza waziwazi: je, lazima kisukari kiwe ugonjwa wa kuua Afrika? Kwa anayejichoma, insulini ndiyo ilikula sehemu kubwa ya pesa. Na hapo ni Dar, penye bandari. Insulini inatunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara. Baridi yetu ya Juni ni kali, ila si friji.

Halafu kuna miguu. Daktari Zulfiqarali Abbas aliona Dar kwamba vidonda vingi vinaanza na mishipa ya fahamu kufa, kabla ya mishipa ya damu kuziba. Mguu unakuwa na ganzi. Mwaka 2005 aliandika kuhusu wagonjwa waliotafunwa miguu na panya wakiwa wamelala, wasisikie kitu. Usicheke. Huku kwetu, badala ya panya weka jiko la mkaa: mzee anasogeza miguu apate joto, anaungua bila kujua. Mishipa ya damu nayo ikiwa imeziba, kidonda hakiponi, na msumeno unakuwa karibu.

Mradi wa Step by Step, ulioanza Tanzania na India, ulifundisha daktari na muuguzi kwa pamoja. Wazo zuri sana, maana daktari akihamishwa, muuguzi anabaki na ujuzi.

Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta kisukari kwa takriban asilimia 9 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Usiseme kimeongezeka mara tisa, jamani. Umri ni tofauti, na mwaka 1989 walipima vijiji tu. Kipimo cha ganzi chenyewe ni uzi wa nailoni unaogusishwa unyayoni, dakika chache. Ila mgonjwa lazima avue viatu.