Nyota Anafaa Kustaafu Lini? Uliza Mkono wa Johnny Unitas

Nitasema hivi, mnikasirikie baadaye: ule ushauri wa "staafu ukiwa juu" hausaidii mtu. Unasikika poa, lakini ukiwa juu hujui kama umefika kileleni ama bado. Utajua ukishaanza kuteremka.

Wacha niwapeleke Marekani, kwenye ule mpira wao wa helmeti na mabega makubwa, juu swali hili limewaumiza watu kule kwelikweli. Wa kuangalia ni kwotabeki. Kama hujawahi kuutazama huo mchezo, kwotabeki ndiye anayepokea mpira karibu kila shambulizi likianza. Ana sekunde chache tu za kuamua atamrushia nani, huku majitu ya zaidi ya kilo mia yakimjia kumlaza chini. Kazi yake ni macho, kichwa na mkono. Na mkono ukianza kuchoka, kichwa kinaweza kuuficha uchovu huo kwa miaka. Hapo ndipo shida huanzia.

Watu wa "staafu ukiwa juu" hupenda kumtaja Otto Graham wa Cleveland Browns. Jamaa alicheza misimu 10, kuanzia 1946 hadi 1955, na kila msimu, narudia, kila msimu, timu yake ilifika fainali. Ilishinda 7. Baada ya kuinyuka Detroit Lions 56-10 katika fainali ya 1954, alisema imetosha. Kocha wake, Paul Brown, akawatazama waliobaki, akaona hakuna kitu, akamwomba arudi. Graham akarudi, akashinda fainali ya 1955 dhidi ya Los Angeles Rams 38-14, kisha akaondoka kabisa akiwa na miaka 34. Msimu uliofuata Browns walishinda mechi 5 na kupoteza 7.

Hadithi tamu. Lakini angalia ni nani aliyemrudisha. Ni kocha aliyekuwa na shimo kwenye timu. Shida yake ilikuwa nani atarusha mpira Jumapili, si Graham atakuwa na magoti ya aina gani akifika miaka 60. Simlaumu, hiyo ndiyo kazi ya kocha. Nasema tu kwamba kila mtu aliye karibu na nyota ana sababu yake ya kumtaka abaki, ama aondoke. Mimi niliacha chuo, so hii naijua: kila mtu alikuwa na maoni kuhusu lini nilifaa kuondoka, na kila maoni yalimfaa mwenyewe kwanza.

Sasa tuje kwa Johnny Unitas.

Mwaka 1955 Pittsburgh Steelers walimchukua, halafu wakamtema kabla msimu haujaanza. Akarudi mtaani, akafanya kazi ya ujenzi na kucheza kwa timu ndogo, Bloomfield Rams, kwa dola 6 kila mechi. Mwaka 1956 Baltimore Colts wakampa nafasi. Miaka miwili baadaye, Desemba 1958, aliwaongoza kuwapiga New York Giants 23-17 katika fainali iliyoingia muda wa nyongeza. Mpaka leo kuna Wamarekani wanaoiita mechi kubwa kuliko zote. Kati ya 1956 na 1960 alirusha pasi ya kufunga katika mechi 47 mfululizo. Rekodi hiyo ilikaa mpaka 2012, Drew Brees alipoivunja.

Halafu mkono ukaanza kudai. Mwaka 1968, kabla ya msimu kuanza, aliumia kiwiko cha mkono wa kulia, ule wa kurushia. Earl Morrall akaingia badala yake, na Colts wakashinda mechi 13 kati ya 14 za msimu wa kawaida. Yaani timu ilionyesha inaweza kwenda bila yeye. Januari 1971 wakashinda Super Bowl dhidi ya Dallas Cowboys 16-13, lakini Unitas aliumizwa katika robo ya pili, na ni Morrall tena aliyeimalizia.

Kwa maoni yangu, ilikuwa hapo. Januari 1971, akiwa na miaka 37, kombe mkononi, huku timu imemuonyesha mara mbili kwamba maisha yanaendelea.

Hakuondoka. Mwaka 1972 viongozi wapya wa Colts wakaamuru akalishwe benchi. Kocha, Don McCafferty, akakataa, akafutwa kazi. Msimu ulipoisha Unitas akapelekwa San Diego Chargers. Sasa jiulize San Diego walikuwa wakinunua nini. Mtu wa miaka 40 mwenye mkono ulioumizwa? Hapana. Walinunua jina. Jina linauza tiketi hata kama mkono hauwezi tena.

Oktoba 1973 ratiba ikampeleka Pittsburgh, mji aliozaliwa, dhidi ya timu ileile iliyomtema akiwa kijana. Kufikia mapumziko Steelers walikuwa mbele 38-0. Unitas akatolewa, akaingia chipukizi anayeitwa Dan Fouts, ambaye baadaye naye alikuwa mmoja wa wakubwa wa mchezo. Msimu huo Unitas alimaliza na pasi 3 za kufunga na 7 zilizodakwa na wapinzani. Ndiyo, msimu huohuo alikuwa wa kwanza katika ligi kufikisha yadi 40,000 za pasi. Rekodi nzuri. Lakini bei yake?

Bei yake ilikuwa mkono wenyewe. Uzeeni, vidole vya mkono wake wa kulia havikuwa na nguvu. Kushika kalamu ilikuwa shida. Akicheza gofu ilibidi mkono ufungwe kwenye fimbo kwa utepe. Aliomba malipo ya ulemavu kutoka kwa ligi, akanyimwa. Alikufa 2002 akiwa na miaka 69. Wale waliokuwa wakipiga makofi walikuwa wameenda nyumbani zamani.

Najua kuna msee tayari anasema, "Na Tom Brady je?" Enyewe Brady ndiye jibu gumu. Alishinda Super Bowl yake ya 7 Februari 2021 akiwa na miaka 43, na timu mpya, Tampa Bay. Msimu uliofuata aliongoza ligi nzima kwa yadi za pasi. Hapo hakununuliwa kwa jina, mkono ulikuwa bado unalipa. Kwa hiyo mtu akisema kuna umri maalum, ama 38 ama 40, anadanganya. Sheria za kumlinda kwotabeki zimebadilika, tiba imebadilika, hata chakula kimebadilika. Lakini Brady alistaafu Februari 2022, akarudi baada ya siku 40, na msimu huo timu ikashinda mechi 8 na kupoteza 9. Hata yeye alirudia mara moja zaidi ya ilivyohitajika.

Aliyenifurahisha ni Peyton Manning. Baada ya kufanyiwa upasuaji wa shingo, alisema hadharani kwamba ncha za vidole hazihisi kitu. Novemba 2015 alivunja rekodi ya yadi za pasi, na katika mechi hiyohiyo akatolewa baada ya wapinzani kudaka pasi zake 4. Februari 2016 Denver wakashinda Super Bowl 24-10, na kila mtu aliona ni safu ya ulinzi iliyowabeba. Manning pia aliona. Mwezi uliofuata akastaafu. Hakujidanganya kwamba lile kombe lilikuwa kazi ya mkono wake.

Basi kipimo changu ni hiki: nyota aondoke siku anapogundua wanamlipa kwa jina, si kwa kazi. Umri hauingii hapo, na makombe hayaingii. Na asingoje kuambiwa na klabu, juu klabu itanyamaza mpaka tiketi ziishe. Wala asitungoje sisi mashabiki. Sisi tungemtazama Unitas mpaka akiwa na miaka 50, halafu tulalamike kwamba ameharibu kumbukumbu zetu.

Wewe ungemwambia nini Unitas ile Januari ya 1971?