Vichafuzi vya muda mfupi: Fedha zikitolewa, nahodha ni nani?

MOSHI unaomtoa mama machozi jikoni hauishii darini. Ndani yake mna masizi, chembechembe nyeusi ziingiazo mapafuni na ambazo zikipaa angani hufyonza joto la jua. Kwa hivyo, anayempatia mama huyo jiko lisilotoa moshi huwa amelinda afya yake na papo hapo amesaidia kupunguza joto la dunia. Swali ambalo limezitatiza serikali nyingi ni hili: gharama ya jiko hilo ailipe nani? Waziri wa afya, wa kawi au wa mazingira?

Masizi ni mojawapo ya vitu ambavyo wataalamu huviita vichafuzi vya muda mfupi. Vingine ni gesi ya methani, ozoni iliyo karibu na ardhi, na gesi za HFC zinazotumiwa kupozea majokofu na nyumba.

Vinaitwa hivyo kwa sababu havidumu. Masizi hukaa angani kwa siku au majuma machache, methani takriban miaka 12, na HFC miaka 15 kwa wastani. Kaboni dioksidi, kwa upande wake, sehemu yake husalia kwa mamia ya miaka.

Hata hivyo, uhai mfupi si udhaifu. Ikipimwa kwa kipindi cha miaka 20, methani hunasa joto zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uo huo.

Hapo ndipo penye matumaini pia. Maadamu vichafuzi hivi hutoweka upesi, kuvipunguza leo huleta nafuu ambayo kizazi hiki kitaiona. Mnamo 2011, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) na lile la Hali ya Hewa (WMO) yalitaja hatua 16 za kupunguza masizi na methani. Yalikadiria kuwa zikitekelezwa kote, ongezeko la joto lingepungua kwa nusu digrii kufikia katikati ya karne. Aidha, vifo milioni 2.4 vya mapema vingeepukwa kila mwaka, pamoja na hasara ya zaidi ya tani milioni 50 za mazao.

Hatua hizo hazikuhitaji uvumbuzi mpya. Zilikuwa ni kuziba mabomba ya gesi yanayovuja, kuvuna gesi ya majaa ya taka, kuboresha majiko na tanuri za matofali, na kusafisha moshi wa magari ya dizeli. Dawa ilijulikana. Kilichokosekana ni mpango wa kuilipia. Ifahamike pia kwamba dawa hiyo haichukui nafasi ya kupunguza kaboni dioksidi; yote mawili yanahitajika.

Muungano wa hiari

Februari 2012, mataifa sita yakishirikiana na UNEP yaliunda Muungano wa Tabianchi na Hewa Safi, unaojulikana kwa ufupi kama CCAC. Mataifa hayo yalikuwa Bangladesh, Canada, Ghana, Mexico, Sweden na Marekani. Leo zaidi ya mataifa 80, Kenya ikiwemo, ni washirika. UNEP, yenye makao makuu Gigiri jijini Nairobi, ndiyo inayosimamia sekretarieti yake iliyoko Paris.

Muungano huu ni wa hiari. Hauna sheria ya kumlazimisha mwanachama, na mfuko wake, unaotegemea michango ya wafadhili, ni mdogo ukilinganishwa na kazi iliyopo. Haununui majiko ya taifa zima. Hugharimia matayarisho: kuhesabu vichafuzi vinavyotoka katika kila sekta, kuandika mpango wa kitaifa, kuwapa maafisa wa wizara ujuzi na kufanya majaribio. Inatarajiwa kwamba mpango ukiiva, Benki ya Dunia, mfuko wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa na benki za kibiashara zitaupokea. Fedha za muungano, basi, ni mbegu wala si mavuno.

Mfano wa Montreal

Anayetaka kuona jinsi fedha zinavyoweza kuratibiwa na atazame Mkataba wa Montreal wa 1987, uliotungwa kuilinda ozoni ya juu angani. Tangu 1991, mkataba huo una mfuko wake. Mataifa tajiri huuchangia kwa viwango vilivyokubaliwa, na hujazwa upya kila baada ya miaka mitatu. Kamati inayousimamia ina wajumbe saba wa mataifa tajiri na saba wa yale yanayoendelea. Mfuko hulipa ile gharama ya ziada tu ambayo nchi huingia kwa kuacha kemikali haribifu, na hugharimia afisi ya ozoni katika nchi husika.

Kwa hivyo, mataifa yalipokutana Kigali Oktoba 2016 na kukubaliana kupunguza gesi za HFC, hayakuanza kutafuta mkoba. Mkoba ulikuwepo, afisi zilikuwepo na kanuni zilijulikana. Makubaliano hayo yalianza kutekelezwa Januari 1, 2019, na yanaweza kuepusha hadi nusu digrii ya joto kufikia mwisho wa karne.

Methani na masizi havina mkoba wa aina hiyo. Katika kongamano la Glasgow mwaka 2021, Marekani na Muungano wa Ulaya zilizindua ahadi ya kupunguza methani duniani kwa asilimia 30 kutoka kiwango cha 2020 ifikapo 2030. Zaidi ya mataifa 150 yamejiunga. Kenya ilijiunga mwaka 2023. Lakini ahadi hiyo haielezi kila nchi itapunguza kiasi gani wala nani atalipa. Watafiti wa Climate Policy Initiative walibaini mwaka 2022 kwamba kazi ya kupunguza methani ilikuwa ikipata chini ya asilimia mbili ya fedha zote za tabianchi.

Hali ilivyo nchini

Kenya inaonyesha kwa nini uratibu ni mgumu. Ng'ombe, ambao ni chanzo kikuu cha methani nchini, wako chini ya wizara inayosimamia mifugo. Taka ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Jaa la Dandora, linalotumika tangu 1975, hutoa methani likioza na masizi likiungua. Sheria ya taka ya 2022 inataka takataka zinazooza zitenganishwe na nyingine, kazi ambayo haifanyiki bila magari na vituo. Majiko nayo ni suala la kawi: sensa ya 2019 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya familia hupika kwa kuni.

Kila idara ina wafadhili wake, fomu zake na takwimu zake. Wahenga walinena kuwa nahodha wengi, chombo huenda mrama.

Fedha nazo si za kutegemewa. Mei 2024, kongamano la Paris kuhusu upishi safi barani Afrika lilipata ahadi za dola bilioni 2.2 kutoka kwa serikali na kampuni. Mwaka uliofuata Marekani ilifunga shirika lake la misaada, USAID, nayo Uingereza ikatangaza kupunguza misaada yake. Fedha zinapopungua, kuziratibu huwa muhimu hata zaidi.

Mambo matatu hayahitaji kungoja mfadhili: afisi moja yenye mamlaka ya kuziketisha pamoja wizara na kaunti, daftari moja la vipimo, kwa kuwa anayetoa pesa hutaka kujua ni tani ngapi zimepungua, na hesabu ya wazi ya kila shilingi iliyoingia na mahali ilipokwenda. Nchi yenye mambo hayo haiombi msaada mikono mitupu, bali hupeleka mpango uliokamilika. Mwaka 2030 uko karibu, na mama aliye jikoni hajali jiko lake limetoka wizara gani, mradi limfikie.