Mazoea ya Kiongozi na Mipaka Yake: Mfano wa Julius Nyerere

Ufasaha wa hotuba humpatia kiongozi wasikilizaji, lakini imani ya watu hutokana na namna anavyojibana mwenyewe kabla ya kuwabana wengine. Maisha ya kisiasa ya Julius Kambarage Nyerere (1922–1999), Rais wa kwanza wa Tanzania, yanafaa kuipima hoja hii, kwa kuwa yanadhihirisha nguvu ya tabia binafsi na pia mahali nguvu hiyo inapokoma.

Tabia iliyomtambulisha zaidi ilikuwa utayari wa kuachia. Mwaka 1955, alipotakiwa kuchagua kati ya ualimu na TANU, chama cha kupigania uhuru alichokiongoza, aliacha kazi ya kufundisha katika shule ya Pugu. Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru wa Tanganyika, alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa nafasi hiyo na kwenda kukijenga upya chama. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wakanyooshea kidole mishahara ya wakubwa. Nyerere aliwafukuza, lakini alipunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Ukali huo haukosi walakini. Hata hivyo, lawama ya vijana ilimwingia. Miezi michache baadaye, Azimio la Arusha la Februari 1967, tamko la TANU kuhusu ujamaa, likawakataza viongozi kuwa na hisa katika makampuni, mishahara miwili au nyumba za kupangisha. Mazoea ya mtu yakawa kanuni ya chama.

Kusoma nako kulikuwa sehemu ya nidhamu yake. Tafsiri zake mbili za tamthilia za Shakespeare zilitoka akiwa Rais, jambo nadra kwa wakuu wa nchi wa zama zozote.

Kukiri makosa ni sifa inayosifiwa upesi mno. Serikali yake ilifuta serikali za mitaa mwaka 1972 na vyama vya ushirika vya wakulima mwaka 1976. Baadaye Nyerere alikubali hadharani kwamba hatua zote mbili zilikuwa makosa, na sheria za kuvirejesha vyombo hivyo zilipitishwa mwaka 1982. Ukweli huo unastahili heshima, lakini swali zito zaidi ni kwa nini ulichelewa. Katika mfumo wa chama kimoja uliowekwa mwaka 1965, na sheria ya kuweka watu kizuizini bila kushtakiwa ikiwa mkononi mwa Rais tangu 1962, ni wachache walioweza kumwambia mapema. Aliyelipia ucheleweshaji huo ni mkulima, ambaye mazao yake yaliangukia mikononi mwa mamlaka za serikali zilizokuwa na desturi ya kuchelewesha malipo. Unyenyekevu wa kiongozi hausaidii sana pale ambapo wenye habari mbaya wanaogopa kuzifikisha.

Mwaka 1985 Nyerere aling'atuka kwa hiari na kumpisha Ali Hassan Mwinyi, katika bara ambako marais wengi wa rika lake waliondolewa kwa mtutu au kwa kifo. Kama kujibana kwake kulikuwa kumegeuka utamaduni wa chama, kanuni za Arusha zingeendelea kusimama bila yeye. Hazikusimama. Aliuacha uenyekiti wa CCM, chama kilichorithi nafasi ya TANU, mwaka 1990. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya chama ilikutana Zanzibar na kulegeza masharti hayo, viongozi wakaruhusiwa kumiliki hisa na kupangisha nyumba.