Kim Yeon-koung

Kim Yeon-koung (amezaliwa 26 Februari 1988, Ansan) ni mchezaji mstaafu wa mpira wa wavu wa Korea Kusini. Alicheza kama mshambuliaji wa pembeni, na urefu wake ni sentimita 192.

Alianza kucheza mpira wa wavu wa kulipwa mwaka 2005 katika klabu ya Heungkuk Life, akatwaa nayo ubingwa wa ligi ya Korea mara tatu kabla ya kuhamia JT Marvelous ya Japani mwaka 2009. Kuanzia 2011 hadi 2017 aliichezea Fenerbahçe ya Uturuki, iliyotwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya mwaka 2012. Baadaye alichezea pia Eczacıbaşı na klabu ya Shanghai nchini China.

Katika Olimpiki ya London 2012 alifunga pointi 207 na kuchaguliwa Mchezaji Bora wa mashindano, ingawa Korea Kusini ilimaliza ya nne. Akiwa nahodha katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, timu yake iliifunga Kenya seti 3–0 katika hatua ya makundi. Dhidi ya Japani ilikuwa nyuma 12–14 katika seti ya tano, ikashinda 16–14. Ilimaliza tena ya nne, naye akastaafu timu ya taifa.

Alistaafu kabisa Aprili 2025, baada ya kurudi Heungkuk Life na kuipa ubingwa wa ligi.