Shule ya Msingi na Lugha Tatu Katika Nchi ya Chai: Mfano wa Kimulot

Aghalabu husemwa kwamba Kiswahili kiliingia katika vijiji vya bara la Kenya kwa mlango wa shule. Kauli hii ina ukweli katika sehemu nyingi, lakini haitoshi kueleza historia ya Kimulot, eneo la Wakipsigis lililo katika Konoin. Kimulot ilikuwa sehemu ya wilaya ya zamani ya Kericho mpaka Bomet ilipomegwa mwaka 1992, na tangu mwaka 2013 imo katika Kaunti ya Bomet. Hapo Kiswahili kilifuata chai kwanza, na shule ikaja kukipa daftari na mtihani baadaye.

Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 za ardhi ya Kericho kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani. Mradi wao ulivunjika upesi, na kufikia katikati ya miaka ya 1920 makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalikuwa yameanza kupanda chai. Mashamba hayo yalihitaji mikono mingi kuliko iliyopatikana jirani. Waluo, Waluhya na Wakisii wakaja kuchuma, wakakaa pamoja katika kambi. Walipohitaji lugha ya kuelewana na mnyapara, na ya kuelewana wao kwa wao, walitumia Kiswahili. Hakikuwa Kiswahili cha Lamu wala cha Unguja. Kilikuwa lugha ya kikapu, mizani na siku ya mshahara.

Ushahidi umo ndani ya Kikipsigis chenyewe. Chai huitwa *chaik* na sukari huitwa *sukaruk*: maneno ya Kiswahili yaliyovikwa viambishi tamati vya lugha ya wenyeji. Kitabu, kwa upande mwingine, huitwa *bukuit*, neno lenye asili ya Kiingereza, na ndilo lililo katika jina la Biblia ya Kikalenjin. Maneno machache hayawezi kuwa hoja kamili ya historia, lakini yanaonyesha njia mbili: bidhaa za dukani na shambani zilikuja na Kiswahili, na maandishi yalikuja na Kiingereza.

Chai haikubaki mali ya makampuni peke yake. Mwaka 1960 iliundwa mamlaka ya kusimamia mazao maalumu ya wakulima wadogo, nayo mwaka 1964 ikafuatwa na Mamlaka ya Maendeleo ya Chai ya Kenya, KTDA. Mkulima wa Konoin akawa na miche yake na kituo cha kuuzia majani. Desturi ya *kokwet*, yaani baraza la majirani, ilikuwa imewazoeza watu kuamua na kufanya kazi pamoja. Wito wa Harambee baada ya Uhuru haukuwa mgeni kwao. Shule ya msingi ikawa jambo la ujirani mzima, na ada ikategemea malipo ya majani. Ada ya madarasa ya chini ilipoondolewa mwaka 1974, na elimu ya msingi ilipofanywa bure tena mwaka 2003, mzigo wa mzazi ulipungua, ingawa haukuisha.

Lakini jumuiya iliyobeba shule haikuachiwa kuamua lugha ya shule. Ripoti ya Ominde ya mwaka 1964 ilipendelea Kiingereza tangu darasa la kwanza. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilirudisha lugha ya eneo katika madarasa matatu ya mwanzo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima lenye kutahiniwa. Tangu hapo mtoto wa Kimulot alipimwa katika lugha mbili, na wala hakuna iliyokuwa ya mama yake.

Ugumu wake si wa uvivu. Katika Kikipsigis tofauti ya *p* na *b*, ya *t* na *d*, au ya *k* na *g* haibadili maana ya neno. Sauti hufuata mazingira yake. Mtoto anayeandika *pata* badala ya *bata*, au *tua* badala ya *dua*, anafuata kanuni ya lugha yake kwa uaminifu. Isitoshe, nomino ya Kikipsigis huonyesha umoja na wingi mwishoni, hali Kiswahili huonyesha mwanzoni na kudai upatanisho katika sentensi nzima. Mwalimu asiyejua hayo huona makosa yasiyo na mpango. Anayejua huona mahali pa kuanzia somo.

Hapana shaka Kiswahili kina haki ya kufundishwa Kimulot: ni lugha ya taifa, na tangu Katiba ya mwaka 2010 ni lugha rasmi pia. Swali ni jinsi kinavyoingia darasani. Katika kambi za chai kilipokelewa kwa sababu watu walikihitaji, wala hakuna aliyetakiwa kuacha lugha yake mlangoni. Shule ilikipa hadhi ya mtihani, lakini mara nyingi ilimpokea mtoto kana kwamba amekuja bila lugha. Wazee waliojenga madarasa kwa mikono yao walipeleka humo watoto wenye lugha kamili. Ufundishaji unaoanza kwa kutambua hivyo utakuwa umelipa sehemu ya deni lao.