Tulichokiona katika Pango la Elephanta

Tulikuwa Mumbai kumsindikiza ndugu yetu aliyekwenda kufanyiwa upasuaji, kama wengi wa kwetu wanavyokwenda India kutafuta matibabu. Alipopata nafuu alituhimiza tutoke siku moja tuuone mji. Pale Gateway of India, lango kubwa la mawe lililo kando ya bahari, boti za abiria huondoka kwenda kisiwa cha Gharapuri, ambacho wageni hukiita Elephanta. Mwendo ni wa saa moja hivi. Huko kuna hekalu la Kihindu lililochongwa ndani ya mwamba.

Tukiri kwamba tulisita. Mmoja wetu aliuliza kama yafaa Mkristo kuingia katika nyumba ya miungu mingine, hata kwa kutazama tu. Tulijadiliana ndani ya boti mpaka tukakubaliana: hatutainama, hatutatoa sadaka, wala hatutacheka. Tutatazama tu.

Hekalu lile halikujengwa kwa kuweka jiwe juu ya jiwe. Mafundi waliuchimba mlima, wakaondoa mawe na kuacha nguzo, kuta na sanamu, vyote vikiwa mwamba mmoja. Wanahistoria wengi wanakadiria kuwa ni kazi ya karne ya 6. Kwenye ukuta wa nyuma, gizani, kuna sanamu ya Shiva mwenye nyuso tatu, yenye kimo cha karibu mita 6. Uso mmoja ni mkali, mwingine ni mpole, na ule wa katikati umefumba macho kwa utulivu. Tulijikuta tumenyamaza.

Kisha tukaanza kuona kilichovunjika. Shiva anayecheza ngoma hana miguu, na mikono yake mingi imekatika. Sanamu nyingine zimebaki kuanzia kiunoni kwenda juu. Wageni huambiwa kwamba askari wa Kireno walizitumia kama shabaha ya kulenga risasi. Tuliposikia neno "Wareno" tulitazamana. Hao ndio waliouteketeza mji wa Mombasa mwaka 1505, na kuanzia mwaka 1593 wakajenga hapo ngome ya mizinga na kuipa jina la Mwokozi wetu, Ngome ya Yesu.

Haki itendeke hata kwao. Wareno walipata visiwa hivi mwaka 1534 kwa mkataba na sultani wa Gujarat, na si wote waliokuja kubomoa. João de Castro, nahodha na msomi, alifika pangoni mwaka 1538 akastaajabia kazi ya mafundi wake. Tabibu Garcia de Orta, katika kitabu kilichochapwa Goa mwaka 1563, alieleza jinsi ng'ombe walioingizwa humo walivyoliharibu hekalu. Maji ya mvua nayo yamekula mwamba kwa karne nyingi, na wapo wanahistoria wanaotilia shaka hadithi ya shabaha. Lakini habari ya askari kuvunja sanamu haikutoka kwa maadui wa Wareno. Iliandikwa na Diogo do Couto, mwandishi wao wenyewe wa historia. Ndiye pia aliyesimulia kwamba jiwe lenye maandishi liling'olewa hekaluni na kupelekwa kwa mfalme wa Ureno, nalo likapotea. Ndiyo maana hadi leo hakuna anayejua kwa hakika ni nani waliolichonga hekalu hilo.

Na Orta je? Alikuwa Mkristo wa ukoo wa Kiyahudi. Mwaka 1580, miaka kumi na miwili baada ya kufa kwake, mahakama ya kanisa huko Goa iliamuru mifupa yake ifukuliwe na kuchomwa moto, kwa kuwa ilimhesabu kuwa Myahudi kwa siri. Mkono uliozoea kupiga sanamu za majirani haukuchelewa kuwafikia waliobatizwa.

Tunajua mtakachouliza: je, Hezekia na Yosia hawakuvunja sanamu? Walivunja, lakini ilikuwa katika nchi yao, kwa watu wao waliokuwa wamefunga agano na Bwana. Paulo alipofika Athene, mji uliojaa sanamu, alizunguka akatazama, kisha akazungumza. Hakubeba nyundo. Na kule Efeso, katika Matendo 19, karani wa mji, ambaye hakuwa Mkristo, aliwatetea wenzake Paulo mbele ya umati: watu hawa hawakuiba mahekaluni wala hawakumtukana mungu wetu wa kike. Sifa hiyo kanisa la kwanza lilikuwa nayo. Pale Elephanta hakuna karani ambaye angeweza kututolea ushahidi kama huo.

Kabla ya kuondoka tulimwona mama mmoja amevua viatu, akaweka ua katika chumba kitakatifu ambacho milango yake minne inalindwa na walinzi wa mawe waliovunjika. Hatukuomba pamoja naye. Tunamjua tunayemwamini, na pango halikulibadilisha hilo. Lakini tulisimama kando, kamera zetu tumezishusha, mpaka alipomaliza.

Jioni tulirudi kwa mgonjwa. Daktari aliyempasua, Mhindu mwenye picha ndogo ya Ganesha mezani pake, alikuwa ndiyo kwanza ametoka kumwangalia kidonda. Ndugu yetu akauliza, "Mmeona nini huko?" Tukamsimulia yote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi leo tusianze na shukrani."

Tulishikana mikono kuzunguka kitanda. Sala yetu ya usiku ule ilianza kwa toba, kwa ajili ya yale yaliyotendwa kwa jina la Yesu kule pangoni na katika pwani yetu. Tuliwaombea pia majirani zetu wa nyumbani, wenye mahekalu, misikiti na kaya, ili tuwapo karibu nao wasiwe na sababu ya kutuogopa.