Bangi ya Babu Si Hii

Neno "bangi" limetembea kuliko wengi wetu. Lilitoka Bara Hindi, ambako wanasema bhang, likavuka bahari na wafanyabiashara, likatua Pwani, kisha likapanda bara na misafara hadi Congo. Mjomba wangu anaipenda sana historia hii. Tangu niache, kila tukikutana ananisomea: "Babu yako alivuta, akalima, akazaa watoto kumi, akafa na meno yake yote. Wewe umeshindwa na majani?"

Namheshimu mjomba, na kuhusu babu sina ubishi. Ila neno limebaki lile lile karne na karne, na kilicho ndani ya karatasi kimebadilika katika maisha ya mtu mmoja.

Bangi ya babu ilikuwa na majani, vijiti na zile mbegu zinazopasuka motoni na kutoboa shati. Kemikali inayolewesha, THC, haikutengwa vizuri hadi 1964, na Raphael Mechoulam na Yehiel Gaoni kule Israel. Miaka ya 1970 wakulima wa California wakashika mbinu moja rahisi: ng'oa mimea dume yote. Jike lisipopata mbelewele halizai mbegu. Linazidi kutoa utomvu, na THC imo kwenye utomvu. Bangi hiyo ikaitwa sinsemilla, yaani "bila mbegu" kwa Kihispania. Waholanzi wakaiingiza ndani ya nyumba, chini ya taa, wakachagua mbegu kali na kuzizalisha tena na tena. Bangi iliyokamatwa Marekani mwaka 1995 ilikuwa na THC ya asilimia 4 kwa wastani. Kufikia 2014 ilikuwa asilimia 12. Mafuta yanayokamuliwa kwa ajili ya vepu huweza kupita asilimia 60. Hayo si majani tena, maze. Ni kama kumpa mnywaji wa busaa chupa ya spiriti na kumwambia zote ni pombe.

Na keki je? THC ukiivuta unaisikia kwa dakika chache, kwa hiyo unajua pa kusimama. Ukiila, lazima ipite tumboni na kwenye ini, ambalo huigeuza kuwa kitu kikali zaidi, na inaweza kuchukua saa moja au mbili kabla ya kushika. Msee anakula kipande, anangoja, anasema "hii ni feki", anaongeza kipande cha pili. Vyote viwili vinafika pamoja.

Mbona basi hatusikii tukionywa? Nafikiri ni kwa sababu tulishadanganywa. Mwaka 1893 Waingereza waliunda tume ya kuchunguza bangi India, baada ya wabunge wao kulalamika kwamba inajaza hospitali za wagonjwa wa akili. Tume iliwahoji mashahidi 1,193, kisha ikakagua madaftari ya hospitali hizo. Ikakuta kwamba mara nyingi ganja iliandikwa kuwa chanzo cha wazimu bila mtu yeyote kuchunguza. Ripoti ya 1894 ikasema matumizi ya kiasi hayana madhara makubwa kwa akili. Hata hivyo mwaka 1925, kule Geneva, bangi iliingizwa kwenye mkataba wa kimataifa wa afyuni, Misri ikiwa mstari wa mbele kuishinikiza. Sheria yetu ya 1994 iliweka miaka kumi jela hata kwa aliyekutwa na ya kuvuta mwenyewe. Ukikuzwa na vitisho vya namna hiyo, unajifunza kucheka mtu akitaja wazimu.

Lakini kuna daftari lingine, na hili lilijazwa kwa uangalifu. Wanajeshi vijana 45,570 wa Sweden waliulizwa kuhusu bangi mwaka 1969 na 1970, kisha wakafuatiliwa kwa miaka 15. Waliokuwa wameivuta zaidi ya mara hamsini kabla ya kujiunga na jeshi walipata skizofrenia mara sita zaidi ya wasioivuta kabisa. Wengi wao hawakuugua, hilo lisemwe pia. Na hiyo ilikuwa bangi ya enzi za babu. Utafiti wa 2019 uliofanywa Ulaya na Brazil ulitazama ile kali, yenye THC ya asilimia 10 kwenda juu: wanaoitumia kila siku walikuwa na uwezekano wa kupata saikosisi karibu mara tano zaidi ya wasiotumia.

Niliacha nikiwa na miaka 22. Pale maskani waliniambia bangi haina arosto, na hawakubuni wao. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa 1994 haukuitambua. Toleo la 2013 ndilo lililoikubali: hasira, kukosa usingizi, chakula kukataa kupita, jasho, ndoto za ajabu. Mimi nilikuwa nabadilisha shuka saa tisa usiku.

Kuacha ukiwa mdogo kuna upweke wake. Vikundi hivi vya kusaidiana vilianzia Ohio mwaka 1935 na wanaume wawili walevi, mmoja wa miaka 39 na mwingine 55, na hadithi zake bado zina umri huo. Kwenye mkutano ninaohudhuria Jumamosi, wazee husimulia mashamba yaliyouzwa na wake waliorudi kwao. Zamu yangu ikifika sina shamba la kutaja, nataja usingizi. Juzi aliyenifuata alikuwa kijana wa miaka 17, sare ya shule imekunjwa kwenye begi. Hakusimulia chochote. Aliuliza tu hii kitu hukaa mwilini siku ngapi. Nilimwambia ninachojua: THC hujificha kwenye mafuta ya mwili, na kwa mtu wa kila siku mkojo unaweza kuionyesha kwa wiki kadhaa. Akahesabu kwa vidole hadi siku ya kufungua shule.